Uzi: Ulaya isiyovuma. Kwa nini tunaishia Paris na Amsterdam wakati Berat, Matera na Dinant zipo?

#1 Mwana_Nyasa
Salaam wakuu.

Hoja yangu ni hii. Ndugu na marafiki wakipata viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, picha zinazoingia kwenye magrupu ya WhatsApp ni zilezile: Mnara wa Eiffel, mifereji ya Amsterdam, basi. Ada ya viza euro 90, bima ya safari, nauli ya ndege juu yake, halafu mtu anasimama foleni saa nzima ili apige picha ileile aliyopiga shemeji yake.

Mwezi Mei nilikuwa Berat, Albania. Mto Osum unapita katikati, mtaa wa Mangalem upande huu, Gorica upande ule, nyumba nyeupe zimepandiana mlimani na kila moja imejaa madirisha yanayotazama mtoni. Juu kabisa kuna ngome, na ndani ya ngome watu wanaishi mpaka leo. Nilimkuta bibi ameanika mashuka kwenye ukuta wa kale, pembeni anauza jemu ya tini kwenye chupa alizozifunika vitambaa. Nikashuka kusini hadi Gjirokastër, ambako hata mapaa ni vipande bapa vya mawe, na mvua ikinyesha mji mzima unang'aa kijivu. Miji yote miwili ni Urithi wa Dunia, Gjirokastër tangu 2005, Berat ikaongezwa 2008. Chumba safi pamoja na kifungua kinywa nililipa chini ya nusu ya nilichotozwa Paris.

Sasa naomba tujadili: kwa nini sehemu kama hizi hazivumi kwetu? Na wewe umewahi kufika wapi ambako hukutegemea?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshakaa. Leteni picha pia.

#3 Mzee_wa_Reli
Mleta uzi, jibu liko kwenye reli na viwanja vya ndege. Mtalii anafuata njia. Mfano mzuri ni Teruel, Hispania. Ina minara ya matofali na vigae vya kijani iliyojengwa kwa mtindo wa mafundi Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, Urithi wa Dunia tangu 1986. Ukiongeza mwendo mfupi kwa gari unafika Albarracín, mji wa kuta za waridi uliokaa juu ya korongo. Lakini treni ya moja kwa moja kutoka Madrid hakuna. Wenyeji walichoka kusahauliwa, mwaka 1999 wakaanzisha vuguvugu lao wakaliita Teruel Existe, yaani Teruel ipo. Fikiria watu kufikia hatua ya kuikumbusha serikali yao kwamba wapo. Pasipo na treni, hakuna jina.

#4 Shangazi_Mwaka
Wanangu, msizunguke mbali. Sisi hatuendi kutalii, tunaenda kwa watu wetu. Mtu ana dada yake Reading, ana mpwa wake Rotterdam, atalala kwa nani huko Albania? Likizo yake inaishia kwenye kochi la mpwa na kitchen party za wenzetu huko. Hata mimi Ulaya niliyoijua kwanza ni jiko la mdogo wangu. Hakuna ubaya, ndivyo tulivyo.

#5 Mzenji_Malmö
Shangazi umenena. Ila Mzee wa Reli nakupinga kwa heshima zote. Matera, kusini mwa Italia, haiko kwenye mtandao wa reli ya taifa. Unapanda kitreni cha njia nyembamba kutoka Bari, kinajikokota mpaka kufika. Na bado imejaa watu! Kama reli ndiyo sababu, Matera ingekuwa tupu.

Matera wallahi inataka moyo. Watu wameishi kwenye mapango yaliyochongwa mlimani karne kwa karne, paa la mmoja ni barabara ya mwenzake. Miaka ya 1950 serikali iliona aibu, familia zinalala pango moja na nyumbu wao, malaria na vifo vya watoto vikawa vingi, ikawahamisha takriban watu 15,000. Mitaa ile ya mapango, Sassi, ikabaki magofu. Mwaka 1993 ikawa Urithi wa Dunia, na 2019 Matera ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Mahali palipoitwa aibu ya Italia leo pango lake ni hoteli ya bei mbaya.

#6 Mzee_wa_Reli
Mzenji, Matera imebebwa na filamu. Kila anayetaka kuigiza Yerusalemu ya kale anapeleka kamera pale. Ondoa filamu uone. Reli na filamu ni kitu kilekile: njia ya kumfikisha mtu, mmoja kwa mwili, mwingine kwa macho.

#7 Bukavu_Liège
Bandugu, jambo. Mnaenda mbali wakati Ubelgiji iko karibu na wote. Watu wanashuka Bruksel, wanaenda Bruges, wanarudi. Mimi nawaambia Dinant. Mto Meuse, jabali limesimama wima nyuma ya kanisa, ngome juu ya jabali. Adolphe Sax alizaliwa pale 1814, yule aliyetengeneza saksofoni, na kwenye daraja wamepanga saksofoni kubwa za rangi, kila moja imepewa nchi yake. Mtu wa rumba akisimama pale lazima anyamaze kidogo. Bila Dinant, Kinshasa ingelia namna gani?

Na historia yake ni nzito. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliua raia 674 katika mji huo, wazee na watoto wachanga pia. Majina yao yameandikwa. Unaona mji mdogo wa kupendeza kwa nje, kumbe umebeba vile.

#8 Kiti_cha_Mbele
Bukavu asante, hili la saksofoni sikulijua.

#9 Nahodha_Kisauni
Ndugu zangu, Mombasa hapa. Mimi nimekulia kando ya Fort Jesus, kwa hiyo nilipofika Ureno sikutaka Lisbon peke yake. Nikapanda basi mpaka Elvas, mpakani na Hispania. Mji umezungushiwa maboma yenye ncha za nyota, handaki kavu, mlango baada ya mlango. Kuna mfereji wa maji wa Amoreira unaopita juu ya matao yaliyopandiana ghorofa kwa ghorofa hadi shingo inauma. Nilikaa pale juu ya ukuta jioni nikahisi niko nyumbani. Nadhani ni fundi mmoja aliyejenga huku na kule.

#10 Mwalimu_Historia
Nahodha, si fundi mmoja. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyeitumikia Ureno wakati ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Maboma ya nyota ya Elvas yalijengwa baada ya 1640, Wareno walipojitenga na Hispania na kuhitaji ulinzi mpakani. Lakini hisia yako ina msingi, maana elimu ya ngome ni ileile: kona zenye ncha ili mzinga usiache sehemu ambayo adui atajificha chini ya ukuta. Hata kwenye Urithi wa Dunia zimefuatana, Fort Jesus 2011, Elvas 2012.

#11 Nahodha_Kisauni
Shukrani mwalimu. Basi ni shule moja, wanafunzi tofauti. Mimi bado nasema anayetoka pwani aende Elvas kabla ya Lisbon, kwa sababu atakuwa na cha kuuliza. Watu wanapenda sehemu inayowagusa. Hiyo ndiyo sababu yangu kwa mleta uzi: hatuambiwi uhusiano wetu na miji hii, kwa hiyo hatuna hamu nayo.

#12 Dada_Kigamboni
Mnasema vizuri lakini mmeruka jambo la msingi: VIZA. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana basi ile utakayoingia kwanza. Nchi nyingi ndogo hazina ubalozi Dar. Mtu anakwenda ubalozi alioukuta, anapanga safari ya nchi hiyo. Unategemea aandike Piran kwenye fomu wakati hajui maombi ya Slovenia yanapokelewa wapi?

Halafu kuna mawakala. Nilipoanza kusafiri nilimwomba wakala mmoja hapa mjini anipangie Ulaya ya mashariki. Akanishusha kwa upole kabisa mpaka Paris, Brussels, Amsterdam, kwa sababu ndiyo paketi aliyokuwa nayo. Niliporudi nikajifunza kupanga mwenyewe.

#13 Mtu_wa_Maramureș
Viza nakubali. Mimi nasoma Romania na hakuna ndugu aliyewahi kunitembelea, kwa sababu Romania si Schengen, mtu anatakiwa kuomba viza nyingine kabisa. Wanakosa Maramureș, kaskazini. Makanisa ya mbao yenye minara mirefu myembamba, na kijiji cha Săpânța chenye makaburi ya furaha. Misalaba yote ya mbao imepakwa bluu, juu imechongwa picha ya marehemu akiwa kazini kwake: huyu anakamua kondoo, yule yuko kwenye trekta, mama anasokota sufu. Chini kuna shairi ambalo marehemu mwenyewe anazungumza, anasema alivyoishi, alivyopenda kilevi, alivyogombana na mama mkwe. Fundi Stan Ioan Pătraș ndiye alianza kuichonga 1935, alipofariki 1977 mwanafunzi wake akaendeleza.

Nilitafsiriwa shairi la mtoto aliyegongwa na gari. Analilaani lile gari. Pale sikucheka tena, nikaelewa kwamba furaha ya makaburi yale haina maana kwamba hawalii.

#14 Dada_Kigamboni
Mtu wa Maramureș, habari yako ya viza imepitwa na wakati. Romania na Bulgaria ziliingia Schengen kwa ndege na meli Machi 2024, na mipaka ya nchi kavu ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2025. Waite hao ndugu zako, viza ya Schengen inawafikisha.

Hilo la shairi la mtoto limenigusa sana.

#15 Mnyalu_Leipzig
Wakuu, kwa walioko Ujerumani: nunueni tiketi ya mwezi ya euro 49 mzunguke vijiji vyote. Mimi nilipanda treni za mikoa hadi Quedlinburg, chini ya milima ya Harz. Nyumba zaidi ya elfu moja za fremu za mbao, nyingine zimeinama zikaegemeana na bado watu wanapika ndani. Boriti zimechongwa maandishi na tarehe za waliojenga. Mfalme Heinrich wa Kwanza, aliyekufa 936, amezikwa kanisani juu ya mwamba. Niliwauliza Wajerumani wenzangu kazini, nusu yao hawajawahi kufika!

#16 Mzee_wa_Reli
Mnyalu, bei hiyo ilikuwa ya 2023 na 2024. Ilipanda hadi euro 58 Januari 2025, na kuanzia Januari 2026 ni 63. Pia watu wajue kwamba haipandi ICE wala treni nyingine za mwendo kasi, ni za mikoa na za mjini tu. Hata hivyo kwa anayekaa mwezi mzima bado inalipa.

#17 Mwana_Nyasa
Wakuu nawashukuru, uzi umekuwa shule. Kwa Albania mimi naongeza sababu ya siasa. Nchi ilifungwa chini ya Enver Hoxha, ambaye kwao ni Gjirokastër hiyohiyo, mpaka ukomunisti ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mashambani bado unaona vibanda vya zege vya kujikinga na vita, vingine watu wanafugia mbuzi. Nchi iliyojificha karibu nusu karne haiwezi kuvuma kwa muda mfupi.

#18 Mwalimu_Historia
Mleta uzi, Praha nayo ilikuwa chini ya ukomunisti na leo huwezi kupita darajani kwa watu. Piran ilikuwa Yugoslavia na watalii walikuwa wakija tangu zamani. Ukomunisti peke yake hautoshi kuwa jibu.

#19 Mwana_Nyasa
Praha haikufungwa kama Albania, mwalimu. Kuna kufunga na kufunga.

#20 Mzenji_Malmö
Mimi mwenyewe mwezi wa Ramadhani uliopita nilikwenda Bosnia, na hili naliandika kwa moyo wangu wote. Unakaa Ulaya miaka unazoea kuuliza kila mgahawa kama nyama ni halali. Sarajevo unasikia adhana kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, na mzinga unapigwa kutoka kwenye boma la njano kutangaza futari. Watu wamekaa ukutani na mikate yao ya moto, wanasubiri. Mzinga ukilia mji mzima unang'ata tende kwa pamoja. Mzee mmoja asiyenijua alinisukumia sahani yake bila kusema neno.

Mostar wengi wanaijua kwa daraja, lilimalizika 1566, likabomolewa kwa mizinga Novemba 1993, likajengwa upya na kufunguliwa 2004. Msiishie hapo. Nendeni Blagaj jirani, ambako mto Buna unatoka mzima ndani ya pango, maji ya kijani ya baridi, na zawia ya masufi imejengwa mdomoni mwa pango. Halafu Jajce, ambako maporomoko ya mto Pliva yanaanguka katikati ya mji.

#21 Bukavu_Liège
Mzenji umenifanya nitafute tiketi usiku huu.

#22 Kobe_Mtaratibu
Nisikilizeni na mimi. Nyie mnauliza kwa nini hazivumi, mimi nauliza kwa nini mnataka zivume? Hallstatt, Austria, haina hata wakazi 800. Picha moja ya kanisa na ziwa ilipozunguka duniani, Wachina wakajenga nakala ya kijiji kizima kwao Guangdong mwaka 2012, na mabasi yakafurika pale penyewe. Mei 2023 wakazi waliwekewa ukuta wa mbao kuziba sehemu ya kupigia selfi, kelele zikawa nyingi ukaondolewa. Mwenye nyumba anafungua dirisha asubuhi anakuta mtu amekaa barazani kwake. Berat mnayoisifia leo, baada ya miaka kumi bibi wa jemu ya tini atakuwa amehama, ngome yote ni hoteli.

#23 Shangazi_Mwaka
Kobe, na huyo bibi asipouza jemu atakula nini? Wanawe wameondoka kwenda Italia na Ugiriki kutafuta kazi, hilo linajulikana kuhusu Albania. Anayenunua chupa moja anamsaidia kubaki kwake. Usimsemee.

#24 Kobe_Mtaratibu
Shangazi, mgeni anayelala kwa bibi namtaka aje. Yule anayeshuka basini dakika 20, akapiga picha, akaacha chupa ya maji, huyo ndiye simtaki. Civita di Bagnoregio huko Italia, kijiji juu ya mwamba unaomomonyoka, wanatoza kiingilio tangu 2013 na pesa inasaidia kutunza mahali. Hiyo ni njia.

#25 Upepo_Tórshavn
Habari zenu. Niko visiwa vya Faroe, kikazi. Visiwa 18 katikati ya Atlantiki, kondoo wengi kuliko watu. Kuna kijiji kinaitwa Gásadalur, maporomoko yanadondoka kutoka ukingo wa jabali moja kwa moja baharini. Kabla ya handaki la gari kutobolewa miaka ya 2000, tarishi alikuwa anavuka mlima kwa miguu kupeleka barua. Na mwisho wa 2020 walifungua barabara ya chini ya bahari, zaidi ya kilomita 11, ina kipilefti hukohuko chini, nguzo ya mwamba katikati imewashwa taa za bluu na kijani.

Tahadhari kwa wenye viza: Faroe ni sehemu ya ufalme wa Denmark lakini viza ya Schengen ya kawaida haikuingizi huku. Lazima iandikwe kwamba inafaa kwa Visiwa vya Faroe. Semeni mapema ubalozini.

#26 Kiti_cha_Mbele
Kipilefti chini ya bahari! Hapa ndipo nilipoachia chai yangu.

#27 Mmeru_Warszawa
Nimechelewa uzi. Nyumbani ni Tengeru, Arusha, na nipo Poland. Watu wa kwetu tumekua tukiona makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Walifukuzwa makwao na Wasovieti, wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Tanganyika, Tengeru pekee karibu 5,000, wengi kina mama na watoto. Uganda pia walikuwa na kambi, Masindi na Koja.

Kwa hiyo nilipokuja huku sikukimbilia Kraków. Nilikwenda Zamość, mashariki. Jan Zamoyski aliuanzisha 1580 akamwita Bernardo Morando wa Padova auchore mji mzima kwa mara moja. Uwanja wa mraba, ukumbi wa mji wenye ngazi zinazofunguka mikono miwili, nyumba za Waarmenia za bluu, njano na nyekundu zenye matao chini ya kukinga jua. Nilimwambia mzee niliyekaa naye benchi kwamba natoka Tengeru. Alilijua jina hilo. Alinishika mkono hakuuachia, tukakaa hivyo.

Naungana na Nahodha. Ukienda mahali penye uzi unaokuunganisha napo, huhitaji mtu akuambie ni pazuri.

#28 Nahodha_Kisauni
Mmeru, umeniliza ndugu yangu.

#29 Mzee_wa_Reli
Naheshimu, lakini hata Mmeru alifika Zamość kwa usafiri uliokuwepo. Narudi kwenye reli yangu.

#30 Mzenji_Malmö
Mzee wa Reli hata ahera ataulizia stesheni!

#31 Dada_Kigamboni
Mleta uzi, umenishawishi, naandaa Albania mwezi wa tisa. Nina viza ya Schengen bado hai. Naingilia wapi, na ndani ya nchi unasafirije?

#32 Mwana_Nyasa
Dada, kwanza tazama viza yako. Albania haimo Schengen, lakini wanampokea mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo ameshaitumia kuingia Schengen. Hakikisha kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kulipa chochote, masharti hubadilika.

Mimi nilipitia kisiwa cha Corfu, Ugiriki, nikavuka kwa boti ya mwendo kasi hadi Sarandë. Ni kama nusu saa, na kwa kuwa saa ya Albania iko nyuma ya Ugiriki kwa saa moja, unafika kabla ya muda uliotoka. Ndani ya nchi unapanda furgon, basi dogo kama vile vipanya vyetu vya zamani: haliondoki mpaka lijae, na konda anajua kila mtu anashukia wapi. Beba lek, pesa ya kwao, taslimu.

#33 Dada_Kigamboni
Asante. Yangu ni ya kuingia mara nyingi, na mwaka jana niliingilia Ureno.

#34 Upepo_Tórshavn
Wale wenye ya kuingia mara moja msome hapo vizuri: ukishavuka Corfu kwenda Sarandë umetoka Schengen, na kurudi Ugiriki hutaweza. Panga tiketi yako ya kurudi nyumbani iondokee Tirana. Na hata hapo uwe umehakikisha Albania inakuruhusu kuingia kwa njia nyingine, kwa sababu viza ya mara moja haihesabiki kwao.

#35 Bukavu_Liège
Mzenji, kutoka Sarajevo kwenda Mostar ni treni au basi?

#36 Mzee_wa_Reli
Treni. Kaa dirishani, utaona mto Neretva.